Kristali ya Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kuingia nyumbani kwetu bila kuangalia kwanza kabati. Salamu zilikuja baadaye. Alisimama mlangoni, akapitisha macho juu ya bega la mama yangu mpaka kwenye kona ya salo, sebule yetu, akahakikisha kwamba vyombo viko, ndipo alipouliza kama tumeamka vizuri. Mama alilijua hilo. Kila aliposikia sauti ya wifi yake njiani, aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kufungua milango ya kabati iwe wazi kabisa. Hakufanya hivyo kwa ukarimu.

Vilikuwa vyombo vya mezani vya kioo: bakuli kubwa lenye mguu mmoja mnene, sahani ndogo za matunda, kopo la sukari na kifuniko chake, na sinia la siagi ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuliwekea siagi. Kioo chenyewe kilikuwa kizito, cheupe chenye ukijani kidogo ukikitazama kwa ubavu. Pande zote zilijaa nakshi za almasi zilizopangana kama magamba ya samaki. Kwa macho zilionekana zingekukata kidole. Ukizigusa zilikuwa butu. Jua la asubuhi likipita dirishani, ukuta mzima ulijaa vipande vya nuru, na watoto wa majirani walikuja kuvitazama. Sisi wa mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, wote tuliviita kristali.

Vilitoka kwa Mbelgiji mmoja wa reli. Babu, baba yake baba, alikuwa mpishi wake. Wakati wa Uhuru, wazungu walipoanza kufunga mizigo kwa haraka, Madamu wa nyumba hiyo alivipanga ndani ya sanduku la mbao, akavifunika kwa makapi ya mpunga, akamwambia babu avitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi. Babu alikuwa mtu wa neno lake. Hakulifungua sanduku lile mpaka alipokufa. Nyanya ndiye aliyelifungua, mara tu baada ya mazishi, akisema kwamba mwanamke anayeweza kuacha sahani zake namna ile ana nyingine kwao.

Nyanya naye aliugua muda mrefu, na aliyemuuguza ni mama yangu. Shangazi aliishi ng'ambo ya mto, Alunguli, alikokuwa ameolewa na mfanyabiashara wa samaki wakavu, Mwislamu mmoja mpole mwenye watoto wakubwa wa mke wa kwanza. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi kuja kumwona mama yake, anakaa, analia kidogo, anarudi kabla jua halijawa kali. Mama ndiye aliyemgeuza nyanya kitandani, akamfulia, akamlisha uji kwa kijiko. Siku moja nyanya akamwambia, baba akiwepo, kwamba vyombo vibaki kwake. Baba alisikia vizuri. Lakini baba alikuwa makinista, dereva wa treni, mtu wa kupiga kelele mbele ya mashine na kunyamaza mbele ya dada yake mkubwa. Siku ya matanga, shangazi alipodai mali ya mama yake, baba alitazama chini.

“Huyu mwanamuke aliingia hapa na sufuria moja na mukeka,” shangazi alisema, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokaa nje. “Leo anakula ndani ya kristali ya mama yangu.”

Mama alijibu kwamba sufuria hiyo hiyo moja ndiyo iliyompikia mama yake uji, na kwamba kama anataka kulia basi alie, wageni wanangoja chakula.

Tangu siku ile hawakuitana tena wifi. Mama alimwita “yule wa ng'ambo”. Shangazi alimwita mama “mulinzi”, kana kwamba amewekwa tu kulinda mali ya wenyewe. Sokoni shangazi alisema mama aliharakisha kifo cha bibi kizee ili apate sahani. Mama alipolisikia hilo hakwenda kugombana. Aliacha tu kununua samaki wa Alunguli, awe wa mume wa shangazi au wa mtu mwingine yeyote. Sisi watoto tukawa tunasikia harufu ya samaki wa kuchoma kwa majirani, na nyumbani tunakula sombe kavu, majani ya muhogo matupu.

Aliyetueleza vyombo hivyo vilitengenezwaje ni padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyetufundisha dini shuleni. Alikuwa na hasira za karibu. Chaki ilikuwa inaruka kutoka mkononi mwake kama jiwe. Alikuja kusoma misa ya kumaliza matanga ya nyanya. Baada ya misa mama alitandika meza, akatoa kila kilichokuwa kabatini, na ndani ya bakuli lenye mguu akaweka mananasi yaliyokatwa. Shangazi alikuwepo, kwa kuwa aliyekufa ni mama yake na hakuna mtu angeweza kumzuia. Alikaa mbali na meza.

Padri alipokea sahani yake ya mananasi, lakini hakula. Alimimina vipande mezani, akaifuta sahani kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaigeuza juu chini, akapitisha dole gumba ukingoni. Kisha akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Alituambia kwamba baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha vioo huko kwao, na kwamba vyombo kama hivi ndivyo vilivyomlisha utotoni. Akataka kutuonyesha. Aliniita niweke kidole changu juu ya mstari mwembamba uliopanda kutoka chini ya bakuli hadi juu. Nilikuwa nimeliosha bakuli lile mara nyingi bila kuuona. Ulikuwepo mwingine upande wa pili, na mwingine. Akasema pale ndipo vipande vya kalibu vilipokutana. Kalibu ni ya chuma, imechongwa nakshi kwa ndani, na inafunguka kama mlango wenye bawaba. Mtu mmoja anachota kioo kilichoyeyuka kutoka kwenye tanuri kwa fimbo ndefu ya chuma, kizito na kinachovutika kama asali, anakiacha kidondoke ndani ya kalibu. Mwingine anakikata kwa mkasi, naye lazima ajue kwa jicho tu kiasi kinachotosha. Kikizidi chombo kinakuwa kinene, kikipungua ukingo haufiki juu. Wa tatu anavuta mkono wa mashine, na mchi wa chuma unashuka.

“Mnajua kinu na mchi,” padri alisema. “Basi ni hivyo. Ila mchi unashuka mara moja tu.”

Kioo kinabanwa kati ya mchi na kalibu, kinapanda kando, kinajaa ndani ya kila nakshi. Kalibu inafunguliwa kingali chekundu. Kinarudishwa kidogo motoni ili uso wake ung'ae na makovu ya chuma yafifie, kisha kinapitishwa kwenye tanuri refu la kupoza, polepole, maana kikipozwa haraka kitapasuka chenyewe siku moja kabatini bila kuguswa na mtu. Baba yake ndiye alikuwa mwenye mkasi. Alikufa kwa kifua.

“Kwa hiyo haiko kristali?” mama aliuliza.

Padri akasema kristali ya kweli inachongwa kwa gurudumu, nakshi moja baada ya nyingine, na kingo zake zinakata. Ukiigonga inalia kama kengele. Aligonga bakuli letu kwa ukucha. Likatoa sauti fupi, kama mtu anayeguna. Hivi, alisema, vilitengenezwa kwa wingi ili watu wasio na uwezo wa kununua kristali waweze kuweka mezani kitu kinachofanana nayo. Madamu wa reli hakuwa tajiri kama mlivyodhani. Kisha akaokota vipande vyake vya nanasi mezani, akala.

Shangazi alisimama. Alisema padri amezeeka na macho yake hayaoni, akajifunga kikwembe vizuri, akaondoka kwenda kutafuta mtumbwi. Nilimtazama mama. Nilidhani angehuzunika. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa fimbo. Kuanzia siku hiyo, kila shangazi alipotamka neno kristali, mahali popote, harusini au msibani, mama alimsahihisha kwa upole wa kuudhi: “Kioo cha kubanwa.” Na kila mara shangazi alilirudia neno lake kwa sauti ya juu zaidi.

Ndivyo walivyokuwa vita ilipofika.

Waasi walipouchukua mji pamoja na askari wa kigeni waliowasaidia, baba alikuwa kusini na treni yake, ng'ambo ya Kibombo. Njia ya reli ikakatika. Hatukupata habari zake tena, mzima au maiti. Baadaye watu wa msituni, wapiganaji waliowapinga, wakauzunguka mji, na hapo ndipo njaa ilipoanza. Mwanamke akienda shambani, askari walimwambia anawapelekea chakula watu wa msituni. Akikutwa na watu wa msituni, walimwambia anawauzia askari. Wengine hawakurudi, na waliorudi hawakusimulia. Tulikula matembele, mapapai mabichi ya kuchemsha, na chumvi tuliilamba kwenye ncha ya kidole.

Siku moja, mchana, shangazi alitokea mlangoni. Mume wake alikuwa ameshafariki kwa maradhi, watoto wa kambo walikuwa Kibombo, na askari walikuwa wamepita Alunguli nyumba kwa nyumba. Alikuwa na beseni kichwani na kanga iliyofungwa ndani yake, basi. Miguu ilikuwa imevimba. Hakuangalia kabati. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka.

Mama alitazama miguu ile. Hakuwa na la kufanya. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kumfukuza dada wa mume wake, hasa mume mwenyewe akiwa hajulikani alipo. Akageuka kwangu.

“Mwambie shangazi yako chumba cha nyanya kiko wazi.”

“Mwambie mama yako nitalala salo,” shangazi alijibu, naye akinitazama mimi.

Akatandika mkeka wake mbele ya kabati. Na hivyo ndivyo tulivyoishi. Wanawake wawili walipika kwenye moto mmoja, wakagawana majani yale yale, na kila neno lilipitia kinywani mwangu. Mwambie chumvi imekwisha. Mwambie aliyeimaliza anajulikana. Nilijifunza kulainisha maneno, lakini walikuwa wakisikia wenyewe, umbali wa hatua moja, kwa hiyo ulaini wangu haukuwa na faida.

Komanda wa askari alikuwa amechukua nyumba kubwa karibu na kwetu. Alikuwa mtu mwembamba, msafi sana, mwenye Kiswahili cha mashariki na kicheko cha ghafla. Ndege zilimletea wageni waliokuja kwa ajili ya mawe ya thamani yaliyochimbwa Punia na Pangi, na wageni wale alitaka kuwapakulia vizuri. Mtu fulani, hatukujua nani, alimwambia kwamba nyumba ile pale ina kristali ya wazungu. Asubuhi moja wakaja askari wawili. Walisema tuvilete vyombo vyote, na mwenye mali aje navyo.

Mama na shangazi walisimama wote wawili.

Tulikwenda sote watatu. Mama alibeba sahani ndani ya beseni, shangazi akabeba kopo la sukari na sinia la siagi, mimi nikapewa bakuli. Komanda alikuwa amekaa barazani, mbele yake meza ndefu iliyotandikwa kitambaa. Alituamuru tupange kila kitu. Jua lilipovipiga vyombo, nakshi zikawaka, na nikaona macho yake yakitulia. Akauliza ni vya nani.

“Ni vyangu,” mama alisema. “Mama mkwe alinipa.”

“Ni vya mama yangu,” shangazi alisema. “Huyu ni mulinzi tu.”

Komanda alicheka kile kicheko chake. Akaligonga bakuli kwa pete aliyokuwa nayo kidoleni, akainamisha kichwa kusikiliza. Likaguna. Akaligonga tena. Akasema ameona kristali katika nyumba za wakubwa, na kristali inalia. Hii hailii. Kwa nini?

Hapo mama akaona mlango. Nilimwona akiuona. Alisogea mezani, akalishika bakuli, akamwonyesha ule mstari. Akamweleza yote: kalibu ya chuma, mchi, mkasi, kingo butu. Alieleza vizuri kuliko padri. Akasema ni vyombo vya watu wa kawaida, mkubwa kama yeye atachekwa na wageni wake akivitandika, afadhali aturudishie. Komanda alipitisha kidole juu ya mstari. Alikuwa amekunja uso. Nilidhani tumepona.

Kisha akamgeukia shangazi. “Na wewe unasemaje? Ni kristali au siyo?”

Shangazi alimtazama mama. Walitazamana kwa macho yao wenyewe kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu. Jasho lilikuwa likimtoka shangazi juu ya mdomo.

“Anakudanganya ili umrudishie,” alisema. “Ni kristali. Njo maana anailia.”

Komanda akaridhika. Alisema mwanamke huyu mzee anasema kweli, akatuambia twende. Vyombo vilibaki mezani.

 Tulipofika nyumbani mama alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua jiwe moja kati ya mafiga matatu, akalitupa nje uani. Sijaona tusi kubwa kuliko hilo, na shangazi alilielewa papo hapo. Alikusanya kanga yake na beseni. Mama akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwambie yule wa ng'ambo kwamba katika nyumba hii hakuna moto wake.” Sikumwambia. Haikuhitajika.

Nilitegemea angekwenda kwa majirani. Alikwenda kwa komanda. Jioni hiyo hiyo tulisikia kwamba amekubaliwa jikoni kwake kuosha vyombo, na kwamba amewaambia hakuna mtu mwingine atakayeigusa kristali, kwa kuwa wengine hawajui kuishika. Maji ya moto yataipasua. Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo kila siku, mji ukiwa na njaa, shangazi yangu alikaa uani kwa adui, akiosha kwa maji ya uvuguvugu sahani alizozipigania maisha yake yote, na watu wakipita njiani walitema mate.

Mama alikuwa wa kwanza kutema. Alisema mbele ya majirani kwamba hana wifi, kwamba aliyekuwa naye alikufa Alunguli.

Baada ya muda tukaanza kukuta chakula kizingitini. Wali uliofungwa kwa majani ya mgomba, wakati mwingine na mfupa wenye nyama kidogo. Hapakuwa na swali kuhusu mahali kilipotoka. Mara ya kwanza mama alikibeba mpaka kwenye shimo la takataka, akasimama pale nacho mkononi. Wadogo zangu walikuwa wamemfuata, wakimtazama. Alirudi. Akakiweka mbele yetu, akatoka nje, akakaa na mgongo kwetu mpaka tulipomaliza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata punje. Alikonda mpaka kikwembe kikamzunguka mara mbili, na bado hakuonja. Wala hakuwahi kumtumia shangazi neno la ahsante. Na shangazi hakuwahi kugonga mlango. Nilimwona mara moja, mapema asubuhi, akiinama kuweka fungu lile. Aliniona pia. Alinikunjia uso kana kwamba nimemfumania akiiba.

Askari wa kigeni waliondoka ghafla. Ndege zilikuja moja baada ya nyingine, na komanda akapanda mojawapo na mabegi yake, bila vyombo. Nafikiri alikuwa na vitu vizito zaidi vya kubeba. Kabla vumbi halijatua, watu waliivamia ile nyumba. Mama alinishika mkono, tukakimbia. Tulikuta milango inang'olewa. Barazani sakafu nzima ilikuwa vipande vya kioo. Mtu alikuwa amevuta kitambaa cha meza pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake, kwa kuwa alitaka kitambaa. Mama aliinama, akaokota kipande cha sahani, akakitupa. Bakuli lenye mguu halikuwepo wala vipande vyake havikuwepo. Kioo kinene namna ile kikivunjika kinaacha mapande makubwa. Mama alitafuta mpaka akakata vidole.

Shangazi alikuwa ameshavuka kwenda Alunguli.

Mji ulipofunguka kidogo mama alivuka kumfuata. Nilikwenda naye. Shangazi alitupokea nje, hakutukaribisha ndani. Mama aliuliza, moja kwa moja, bila kunipitia mimi, bakuli liko wapi. Shangazi akasema hana bakuli, askari wamelichukua. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa kamba mpya. Mama akaitazama ile kamba, akasema, “Mungu anakuona,” tukarudi mtoni. Hawakuonana tena hai.

Baba alirudi. Alirudi kwa miguu, akifuata reli, mweupe wa vumbi na mwembamba kama fito. Alipoelezwa habari za vyombo alisema kwamba laiti angelijua, angevipiga nyundo vyote siku ya matanga. Ni maneno mazuri. Yalikuja yamechelewa, na mama alimwambia hivyo. Mama alifariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa wa tumbo. Shangazi alikuja mazishini, akakaa upande wa wanaume wa ukoo wake, akaondoka bila kula. Baba alipokuwa anakaribia kufa naye aliniambia nisimwache shangazi yangu, kwa kuwa hana mtoto wa tumbo lake. Nilikubali kwa sababu alikuwa anakufa.

Kwa hiyo sasa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wangu na mambo yangu, nikawa navuka kwenda Alunguli kila Jumamosi na sabuni na mchele kwa ajili ya mwanamke nisiyempenda. Hakunipenda pia. Alisema mchele wangu una mawe. Alisema nimefanana na mama yangu kwa pua na kwa roho. Na bakuli lilikuwa pale, juu ya kijimeza kando ya kitanda chake, mbele ya macho yangu, wala hakujisumbua tena kulificha. Aliweka ndani yake tasbihi ya mumewe na dawa zake. Hakuniruhusu kuligusa.

Sokoni Kindu siku hizi vyombo vya kioo viko tele, vinatoka mbali kwenye makasha ya karatasi, bilauri na mabakuli ya nakshi za almasi. Mimi hununua. Kila ninaponunua hugeuza chombo juu chini na kutafuta mstari wa kalibu kwa kidole, na wauzaji hunitazama kama mtu mwenye wazimu. Mstari upo. Siku hizi mchi unashushwa na mashine, lakini ni kazi ile ile. Wanangu wanavivunja, nanunua vingine.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake shangazi hakuweza tena kuinuka. Jumamosi moja alikuwa amemwaga dawa ya maji ndani ya bakuli, na inzi walikuwa wamejaa. Aliniambia niliondoe, nilioshe. Akaniambia maji yasiwe ya moto. Nikamwambia najua. Akaniambia nisitumie majivu. Nikamwambia najua.

Nililiosha mbele yake, nikalifuta, na sijui ni kitu gani kilinisukuma, nikaligonga kwa ukucha. Likaguna.

“Haiko kristali,” shangazi alisema kutoka kitandani. “Usijisumbue. Nilijua tangu siku ya yule padri.”

Nililiweka chini. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi alimwambia komanda vile.

 Alisema askari walipoingia nyumbani kwake Alunguli, walimuuliza habari za radio ya mumewe. Aliwaambia imekufa, haina kazi, akidhani wataiacha. Wakaipiga kitako cha bunduki. Kisha wakaingia jikoni, wakauliza hizi sahani ni za thamani? Akasema hapana. Wakazivunja moja moja, wakicheka, ukutani. Alisema watu wale walikuwa wanavunja kila kilichokuwa cha bure, na cha thamani wanakitunza. Mama yangu alikuwa anamwambia komanda kwamba ni vya bure.

“Ungemwambia mama,” nilisema.

“Mama yako aliniuliza?”

Nilimwambia kwamba hata kama ni kweli, alikuwa na miaka ya kumwambia, alikuwa na siku ile tulipokuja na yeye akatuzuia mlangoni, alikuwa na siku ya mazishi. Nilimwambia kwamba mama alikufa akiamini ameuzwa na ndugu wa mume wake. Shangazi alinisikiliza. Akasema mama alikuwa anasema kwamba yeye shangazi ndiye aliyemwua mama yake mzazi kwa kutokumwuguza, alilisema sokoni, je, mimi nilijua hilo? Sikulijua. Akasema basi kuna mengi sijui, niende nikapike.

Nilipika. Simwamini hata leo. Kuna siku namwamini, halafu nakumbuka jasho lile juu ya mdomo wake na jinsi alivyomtazama mama, na naona kwamba mtu anaweza kufanya jambo moja kwa sababu mbili, na ile mbaya ikawa ya kwanza. Yeye mwenyewe hakuomba nimwamini.

Alifariki majira ya mvua. Watoto wa kambo walikuja kutoka Kibombo, watu wazima wenye heshima, wakamzika kwa taratibu zao, wakanishukuru kwa uangalizi wangu. Binti mkubwa kati yao akaniambia kwamba marehemu alikuwa amemwachia bakuli, alimwambia mbele ya mashahidi, na kwamba anatumaini sina neno. Alikuwa amelifunga ndani ya shuka na kuliweka kwenye kikapu cha mpunga. Kilikuwa kizito. Aliniomba tushirikiane kukishusha mpaka mtoni.

Nilimwambia mgongo unaniuma. Nikatangulia mbele yao, nikapanda mtumbwi mwingine.